Kuwania ribaundi ya kushambulia au kurudi kukaba: jibu kwa mwalimu wa timu ya sekondari

Swali: Ninafundisha timu ya kikapu ya wasichana katika shule ya sekondari mjini Tanga. Nina wasichana wawili warefu ambao hudaka ribaundi nyingi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) chini ya ringi ya wapinzani, na sehemu kubwa ya pointi zetu hutoka hapo. Tatizo ni kwamba timu zenye gadi wepesi, yaani wachezaji wa nje wanaoudunda mpira, zinatukimbia: tukiikosa ribaundi, wanafunga bila mtu mbele yao. Mwalimu mwenzangu ananishauri niwarudishe wachezaji wanne kila tunapotupa mpira na nimwache mmoja tu chini ya ringi. Ninaogopa kwamba nikifanya hivyo nitapoteza silaha pekee tuliyo nayo. Nifanye nini kabla ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania?

Jibu: Mwalimu, usiwarudishe wanne. Ushauri wa mwenzako una mantiki yake, na ziko timu kubwa zilizoufuata zikafanikiwa, lakini zilikuwa timu za namna nyingine kabisa, na kutokana na maelezo yako sidhani kwamba wasichana wako wawili warefu ndio chanzo cha vikapu hivyo vyepesi mnavyofungwa. Ninawashuku zaidi wale watatu waliobaki. Hata hivyo, kabla ya kuwafikia, inafaa tuelewane juu ya thamani ya kila upande, kwa sababu hapo ndipo walimu wengi hukosea hesabu.

Ribaundi ya kushambulia inakupa shambulizi zima ambalo hukuwa nalo. Shambulizi la haraka la wapinzani haliwapi wao shambulizi jipya: mpira wamekwisha kuudaka, na wangeshambulia kwa vyovyote vile, ama kwa kukimbia ama kwa kuupandisha polepole na kupanga mchezo. Kwa hiyo hasara yako si thamani yote ya shambulizi lile la haraka, bali ni tofauti tu kati ya thamani hiyo na ile ya shambulizi la kawaida dhidi ya ulinzi uliokwisha kujipanga.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu zinazokaribia hali ya mchezo wa sekondari. Timu yako inakosa mitupo 50 katika mechi. Ukipeleka wachezaji wawili kwenye ribaundi, mnapata 12. Ukipeleka watatu, mnapata 15. Mashambulizi matatu ya ziada, ikiwa kila moja lina thamani ya pointi 0.8 kwa kuwa wasichana wako wanaudaka mpira karibu na ringi, ni pointi 2.4. Sasa tuseme kwamba kwa kumpeleka huyo wa tatu, mashambulizi ya haraka ya wapinzani yanaongezeka kutoka 6 hadi 10. Mwalimu mwenye hofu atazidisha manne hayo kwa pointi 1.2 na kusema amepoteza karibu pointi tano. Lakini wapinzani hao wangeshambulia hata kama wote mngekuwa mmerudi, na dhidi ya ulinzi uliojipanga wangepata, tuseme, pointi 0.6 kwa kila shambulizi. Hasara halisi ni 0.6 mara nne, yaani pointi 2.4, sawasawa na faida. Ukiweza kupunguza ongezeko hilo kutoka manne hadi mawili, bila kumwondoa mtu hata mmoja kwenye ribaundi, hasara inashuka hadi 1.2 na faida inabaki palepale. Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele yako: kuwafundisha walio mbali na ringi kurudi vizuri, huku walio karibu nayo wakiendelea kupigania mpira.

Hesabu hiyohiyo inaeleza mabadiliko yaliyotokea katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Katika miaka ya 1980 na 1990, timu za ligi hiyo zilikuwa zikidaka takriban theluthi moja ya mitupo yao iliyokosa. Baadaye walimu wengi wakaanza kuamini kwamba ni heri kurudi nyuma mapema, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi kati ya asilimia 22 na 23. Walimu Gregg Popovich wa San Antonio Spurs na Doc Rivers wa Boston Celtics ndio waliotajwa zaidi kama mfano wa fikra hiyo. Celtics wa msimu wa 2011-12 walikuwa wa mwisho katika ligi nzima kwa asilimia ya ribaundi za kushambulia, na wakati huohuo ulinzi wao ulikuwa miongoni mwa iliyo bora kabisa. Walifika fainali ya Kanda ya Mashariki na kuwapeleka Miami Heat hadi mechi ya saba. Lakini angalia walikuwa nani: Kevin Garnett, Paul Pierce na Ray Allen, wote wakiwa na umri wa miaka 34 au zaidi, miguu yao ikiwa haiwezi tena kugombea mpira chini ya ringi na papo hapo kuwafukuza vijana hadi upande wa pili. Walikuwa na watupaji mahiri, kwa hiyo hawakuhitaji nafasi ya pili kama unavyoihitaji wewe. Timu yenye warefu wawili na watupaji wa kubahatisha haina sababu ya kuiga mpango wa timu yenye watupaji watatu wa daraja la juu na miguu ya wazee.

Miaka ya karibuni upepo umegeuka. Houston Rockets chini ya mwalimu Ime Udoka waliongoza NBA kwa asilimia ya ribaundi za kushambulia msimu wa 2024-25, mara nyingine wakiwachezesha pamoja Alperen Şengün na Steven Adams, wachezaji wawili wazito wa chini ya ringi. Walishinda mechi 52 wakamaliza wa pili Kanda ya Magharibi, na ulinzi wao ulikuwa miongoni mwa ulinzi mgumu wa ligi. Ikiwa kuwania ribaundi kungeua ulinzi moja kwa moja, timu kama hiyo isingewezekana.

Sasa tuwatazame wale watatu wako. Omba mtu arekodi mechi moja kwa simu, kisha usimamishe picha kila mpira unapogusa ringi ya wapinzani na uhesabu wachezaji wako kwa makundi. Wako wanaogombea mpira kwa mwili, yaani wanaomgusa mpinzani. Wako wanaokimbia kurudi. Na wako wanaosimama wakitazama mpira, visigino vikiwa chini na mikono kiunoni au magotini. Katika timu nyingi za vijana nilizozitazama, kundi hili la tatu huwa na watu wawili, mara nyingine watatu, na mmoja wao karibu kila mara ni yule aliyetupa, kwa kuwa anataka kuona kama mpira wake utaingia. Hawa hawakupi ribaundi wala ulinzi. Wapinzani wanapotoa pasi ya kwanza, mtazamaji anageuka akiwa nyuma ya gadi mwepesi kwa hatua tatu, na hatua hizo tatu hazifidiki tena. Kwenye karatasi ya takwimu itaonekana kwamba mlipeleka watu wengi kwenye ribaundi, ilhali ukweli ni kwamba mlipeleka wawili na kuwaacha watatu bila kazi.

Ndiyo maana amri ya kwanza ya kuwapa si "rudini" wala "ingieni", bali ni kwamba mpira ukitoka mkononi mwa mtupaji, hakuna anayeruhusiwa kusimama. Uamuzi uwe umefanyika kabla mpira haujafika kwenye ringi, na kila mmoja awe anajua uamuzi wake unatokana na nini. Mimi hupendelea kuuweka kwenye mahali alipo mchezaji badala ya jina la nafasi yake, kwa sababu katika mchezo wa vijana senta (mrefu wa chini ya ringi) hujikuta pembeni na poingadi (gadi anayeongoza mchezo) hujikuta chini ya ringi. Mpira unapotupwa, aliye chini ya mstari wa mitupo huru, yaani upande wa ringi, anaingia kugombea. Aliye juu ya mstari huo anarudi, isipokuwa mmoja nitakayemweleza baadaye. Mchezaji anaweza kuikumbuka kanuni hiyo hata akiwa amechoka katika robo ya nne.

Aliye kwenye kona huwatatiza walimu, kwa sababu ana umbali mrefu kuliko wote wa kurudi, na wengi humwamuru akimbie mapema. Mimi naona kinyume chake. Yeye tayari yuko nyuma ya karibu wachezaji wote wa timu pinzani; hata akianza kukimbia mara mpira unapotupwa, hatamwahi gadi aliyeko juu. Basi mpeleke ndani, apite kwenye mstari wa mwisho kuelekea ringi, hasa ikiwa mtupo umetoka upande wa pili, maana mpira unaotupwa kutoka upande mmoja na kukosa huangukia mara nyingi zaidi upande ulio mkabala. Mlinzi wake, ambaye alikuwa amejiandaa kutoroka kwenda kupokea pasi ndefu, sasa analazimika kugeuka na kumzuia.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo mwenzako hakulitaja. Anayeingia kugombea ribaundi kwa nidhamu anakuwa tayari anakaba. Aaron Fearne, mwalimu wa Australia aliyeifundisha timu ya huko ya Cairns Taipans kuanzia 2009 hadi 2018 na baadaye akahamia katika vyuo vya Marekani, anahusishwa zaidi na mfumo uliojengwa juu ya wazo hilo. Mpira unapotupwa, kila mshambuliaji anamfuata mlinzi aliye karibu naye, anamgusa, na kujiweka upande wa juu, yaani kati ya mlinzi huyo na kikapu ambacho timu yake itakilinda, kisha anamsukuma kwa kifua na mapaja kuelekea chini ya ringi bila kutumia mikono. Mpira ukidunda mbali, yeye ndiye yuko mahali unapoangukia. Wapinzani wakiudaka, kila mmoja wao ana mtu mbele yake tayari. Katika umbo lake kamili mfumo huu huwahusisha wachezaji wote watano.

Sikushauri uuchukue mfumo huo mzima ndani ya wiki chache. Unahitaji mazoezi mengi, na wachezaji wasiouelewa vizuri hupanda juu ya migongo ya walinzi na kuitiwa faulo. Chukua kipande chake kimoja: wasichana wako wawili warefu wasikubali kubanwa kati ya mlinzi na mstari wa mwisho. Mrefu aliyebanwa hapo hafai kwa ribaundi na hafai kwa ulinzi. Akiona hawezi kupita mbele, ajizungushe apande upande wa juu. Na mpinzani akiudaka mpira, yule aliye karibu naye abaki naye kwa sekunde moja au mbili, mikono juu, akiziba njia ya pasi kuelekea upande wa karibu. Asiupokonye. Sekunde hizo mbili zinatosha kwa watatu wengine kuvuka nusu ya uwanja, na nina hakika utaona mashambulizi ya haraka yakipungua kwa ajili ya hilo pekee.

Wanaorudi nao wana kazi mbili tofauti, na kosa la kawaida ni wote wawili kuifanya moja. Wa kwanza anakimbia moja kwa moja hadi ndani ya eneo la ringi yetu, bila kugeukia mpira mpaka avuke nusu ya uwanja; kazi yake ni kwamba hakuna anayefunga akiwa peke yake. Wa pili anarudi akiutazama mpira na kumkabili anayeudunda karibu na nusu ya uwanja, si ili aunyang'anye bali ili amlazimishe apinde kuelekea pembeni. Ukimkosa wa pili, gadi mwepesi anakuja kwa kasi kamili dhidi ya mlinzi aliyesimama, na hapo hata mlinzi hodari hupitwa.

Sasa yule mmoja niliyemwacha. Viwanja vyetu vingi ni vya nje, sakafu ni ya saruji, na ringi zilizofungwa imara bila springi huurusha mpira mbali kuliko ringi za ukumbini. Mtupo wa mbali uliokosa unaweza kuangukia nje kabisa ya eneo la chini. (Wewe uliye Tanga una upepo wa bahari wa kuhesabu pia.) Kwa hiyo mchezaji mmoja asimame kwenye mstari wa mitupo huru, mguu mmoja mbele, asiingie wala asirudi mpaka aone mpira umeelekea wapi. Ukidunda mbali ni wake. Ukidunda karibu na kudakwa na wapinzani, anageuka na kukimbia, na kwa kuwa alikuwa amesimama juu ya wote walioko ndani, ana nafasi ya kuwahi. Mpe kazi hii msichana mwenye akili ya mchezo kuliko mwenye kasi. Ndiye pekee unayemruhusu kusubiri, na anasubiri akiwa ameinama kwenye magoti, tayari kuondoka.

Jambo jingine ambalo huenda linakugharimu bila kulitambua ni poingadi anapopenya. Akidunda mpira hadi chini ya ringi na kutupa leiapu (mtupo wa karibu kabisa na ringi), mtu uliyemtegemea kurudi wa kwanza ndiye yuko mbali kuliko wote, na kwa kanuni niliyokupa yeye ni wa kugombea. Lazima mwingine achukue nafasi yake papo hapo, mara tu anapomwona ameinamisha bega kuelekea ringi, wala asingoje mtupo. Kwa kawaida anayefaa ni gadi wa upande wa pili, ambaye anapanda juu kuelekea katikati. Katika mechi utakayoirekodi, tafuta vikapu vyepesi mlivyofungwa baada ya poingadi wako kupenya na kukosa. Sitashangaa vikiwa vingi kuliko vilivyotokana na ribaundi za warefu wako.

Vilevile tenganisha, unapohesabu, mashambulizi ya haraka yaliyotokana na mitupo iliyokosa na yale yaliyotokana na kupoteza mpira. Pasi iliyokatwa katikati ya uwanja huzaa shambulizi baya kuliko ribaundi yoyote, kwa kuwa wachezaji wako wote wanakuwa wanaelekea mbele. Kuna aina moja ya kupoteza mpira inayofanana na tatizo la ribaundi ingawa silo: msichana mrefu anaudaka mpira chini ya ringi, anaushusha hadi kiunoni, na mikono mitatu inaupokonya. Wafundishe kuuweka juu ya paji la uso kuanzia wanapoudaka hadi wanapoutupa. Pia wakumbushe kwamba chini ya sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, mtupo wa kawaida ukishagusa ringi mchezaji anaweza kuugonga mpira hata ukiwa juu ya ringi, ilimradi asiguse ringi wala ubao mpira ukiwa bado unagusa ringi. Kwa mrefu asiye na mikono ya kudaka vizuri, kuupiga kofi mpira kuelekea kwa yule aliye mstari wa mitupo huru ni salama kuliko kuugombania kati ya watu watatu. Saa ya mtupo, inayohesabu muda mlio nao wa kutupa, itarudishwa kwenye sekunde 14, muda unaotosha kupanga shambulizi fupi bila haraka ya kutupa ovyo.

Kuhusu kusimamisha shambulizi la haraka kwa faulo, usiwazoeshe. Sheria za FIBA zinaihesabu faulo isiyo ya lazima ya kuzuia timu inayotoka kwenye ulinzi kwenda kwenye ushambulizi kuwa faulo isiyo ya kiuanamichezo, na adhabu yake ni mitupo huru pamoja na mpira kurudi kwa wapinzani. Utakuwa umelipa mara mbili kwa kosa moja.

Kwa mazoezi, zoezi moja linatosha kuanzia. Chezesha watano dhidi ya watano katika nusu ya uwanja, na mtupo wowote unapotoka mkononi, hesabu kwa sauti "moja, mbili", kisha piga filimbi. Wote wanaganda walipo. Kila mshambuliaji lazima awe anamgusa mpinzani kwa mwili, au amekwisha kuvuka mstari wa pointi tatu akirudi, au awe yule mmoja aliye mstari wa mitupo huru. Asiyekuwa katika mojawapo ya hali hizo anaipa timu pinzani pointi moja. Baada ya siku chache ondoa filimbi, acha mchezo uendelee hadi upande wa pili, na uipe timu inayoshambulia pointi mbili kwa kila ribaundi ya kushambulia, na timu inayokaba pointi mbili kwa kila leiapu inayopatikana kwa kukimbia. Wasichana wataanza wenyewe kukaripiana kwa kusimama, na huo ni mwanzo mzuri.

Mpango huu si wa kushikilia dakika zote 40. Mkiwa mbele kwa pointi nne na imebaki dakika moja, hapo ushauri wa mwenzako unafaa kabisa: mwache mmoja, rudisha wanne, kwa sababu unachokitafuta ni muda na wala si pointi. Mkiwa nyuma kwa idadi hiyohiyo, peleka wanne na mbakize mmoja. Wapinzani wakimtoa senta wao na kuingiza gadi wa nne ili wakimbie zaidi, usiwafuate. Warefu wako sasa wanakabwa na wafupi, na kila mtupo mnaoukosa ni mali yenu zaidi kuliko ulivyokuwa. Lakini ukiona kwamba mmoja wa warefu wako anarudi kwa kutembea baada ya robo ya pili, hakuna kanuni itakayomsaidia. Mpumzishe dakika mbili, na kwa dakika hizo mbili peleka mmoja tu ndani.

Anza kuhesabu kwenye mechi nne zijazo: ribaundi zenu za kushambulia, ukizigawa kwa jumla yake pamoja na zile wapinzani walizodaka kwenye ringi hiyohiyo, na mashambulizi ya haraka ya wapinzani, kila moja na chanzo chake. Ikiwa mnadaka zaidi ya robo ya mitupo yenu mnayoikosa, na mashambulizi yanayotokana na mitupo hiyo hayazidi saba au nane kwa mechi, acha mambo yalivyo na uelekeze mazoezi yako kwenye pasi.